Meza ya XY ya drili yako: fletibaa, thredi rodi na subira

Maswali ni yale yale. "Nimepima vizuri, nimepiga panchi, mbona tundu limehama?" "Meza ya dukani bei yake inanikimbiza, naweza kuunda yangu?" "Nina drili ya kusimama, grainda na jiriwa, sina mashine ya kukereza. Inatosha?" Nimekuwa nikijibu vipande vipande, na kila anayeuliza anarudi tena baada ya wiki mbili. Haya hapa yote kwa pamoja.

Tunachojenga ni meza inayokaa chini ya drili na kusogea kwa pande mbili: kushoto na kulia, tuite X, mbele na nyuma, tuite Y. Kila upande una gurudumu lake na kipimo chake. Kupanda na kushuka, yaani Z, ni kazi ya drili yenyewe. Ukimaliza utatoboa tundu la kwanza, utazungusha gurudumu mizunguko unayoijua idadi yake, kisha utatoboa la pili bila kuchora mstari.

Jambo moja tukubaliane mapema: hatuchomelei kitu. Meza yangu ya kwanza niliichomelea yote, tena na fundi mzuri mwenye mkono mtulivu. Usiku ule ilionekana safi kabisa. Asubuhi chuma kilipopoa, bamba la juu lilikuwa limejikunja kama kigae cha paa na reli zimebana katikati kama mlango wa masika. Joto la kuchomelea huvuta chuma, na ukishachomelea huna pa kurekebisha. Bolti unailegeza, unagonga kidogo, unakaza tena. Meza hii yote inasimama juu ya uwezo huo wa kulegeza na kukaza.

Utakavyohitaji

Chuma:
- Fletibaa (ukanda bapa wa chuma) mm 40 × 12, mita 2.4. Humu zitatoka reli na mbavu.
- Fletibaa mm 50 × 12, mita 1.2, kwa ajili ya vishikio.
- Skweabaa (nondo ya mraba isiyo na uwazi) mm 20 × 20, mita 1.2, kwa ajili ya matandiko ya reli.
- Skweabaa mm 30 × 30, kipande cha sentimita 12, kwa ajili ya nati.
- Mabamba matatu: msingi mm 350 × 160 unene 10, bamba la kati mm 200 × 200 unene 12, meza ya juu mm 350 × 200 unene 12.
- Vipande viwili vya bamba la mm 12, kila kimoja kama mm 80 × 60, vya kubebea beringi.
- Thredi rodi ya M12, mita 1. Ni ile nondo yenye nyuzi mwanzo hadi mwisho; M12 maana yake unene wa mm 12.

Vidogovidogo: bolti za alenkii (zenye shimo la pembe sita kichwani) M6 × 35 na M6 × 30, yaani unene mm 6 na urefu mm 35 au 30, ishirini za kila aina, bolti chache za M6 za kawaida, nati za M12 nane, washa bapa na washa za springi za M12, beringi bapa za msukumo namba 51101, nne. Dukani taja namba tu, usihangaike kueleza. Tundu lake ni mm 12, upana wa nje mm 26, unene mm 9.

Zana: drili ya kusimama, grainda, jiriwa, tupa bapa, guniya, kalipa, panchi, jiklempu mbili au tatu, nyundo ya plastiki au ya mbao, tapu za M6 na M12 (za kukatia nyuzi ndani ya tundu), biti za mm 3, 5, 7, 8, 10.2, 12 na 13. Na kipande cha kioo kinene, mm 8 au 10. Mafundi vioo huwa na mabaki wanayokaribia kutupa, na kioo hicho ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote utakavyokuwa navyo nyumbani.

Chuma kinauzwa kwa urefu wa mita 6, lakini huhitaji kununua nzima. Dar es Salaam zunguka Gerezani, Nairobi zunguka Kamukunji au Gikomba, utapata mabaki yanayouzwa kwa kilo. Ila unaponunua mabaki lala macho: weka fletibaa ubavuni, ifumbie jicho moja kama anayelenga manati, na uikatae iliyopinda. Kunyoosha fletibaa ya mm 12 kwa nyundo ni kazi usiyotaka kuijua.

Kabla hujakata chochote, ikague drili

Meza hii ikikamilika ina kimo cha sentimita 10 kasoro kidogo na uzito unaozidi kilo 30. Shusha meza ya drili yako hadi chini, pima hadi kwenye ncha ya biti. Ukitoa sentimita 10 na kimo cha kitu unachotoboa, inabaki nafasi? Drili ndogo sana za mezani hapo ndipo zinaposhindwa, na ni heri ujue leo. Kuhusu uzito, meza ya drili iliyoshikwa upande mmoja tu itainama. Weka jeki ya gari au kipande cha bomba chini yake kiwe nguzo.

Kisha shika kichwa kinachobana biti ukitikise kwa mkono. Kikigonga-gonga, beringi za drili zimekwisha, na hakuna meza itakayokusaidia kabla hujazibadilisha.

Kazi yenyewe

1. Kata. Kwenye fletibaa ya mm 40 kata vipande vinne vya mm 350 na vinne vya mm 200. Kwenye ya mm 50 kata viwili vya mm 350 na viwili vya mm 200. Kwenye skweabaa ya mm 20 vivyo hivyo, viwili na viwili. Reli na mbavu lazima zitoke kwenye fletibaa moja ile ile. Chuma cha dukani kilichoandikwa mm 12 huweza kuwa 11.8 au 12.2, na hilo halitusumbui. Linalotusumbua ni reli na ubavu kutofautiana. Ukinunua vipande kwa wauzaji wawili tofauti, umejitafutia kazi ya tupa ya siku nzima.

2. Sawazisha nyuso. Ondoa ile ngozi nyeusi ya kiwandani kwa grainda yenye diski ya msasa, kwa mkono mwepesi. Kisha gundisha msasa juu ya kioo na usugue upande mpana wa kila reli. Ili kuona palipoinuka, changanya masizi ya koroboi na tone la oili, paka kioo kisicho na msasa filamu nyembamba, laza reli juu yake na uinue. Panapopata weusi ndipo palipoinuka. Piga tupa hapo tu. Rudia mpaka madoa yatapakae sehemu kubwa ya reli. Usitafute weusi mtupu mwanzo hadi mwisho, utazeeka. Madoa yakitawanyika sawasawa, endelea.

3. Toboa reli. Reli ndefu zipate matundu manne kila moja, fupi matatu. Kila reli inakaa juu ya tandiko la mm 20, kingo zao za ndani zikiwa sawa, kwa hiyo nusu ya reli inabaki inaning'inia upande wa nje. Matundu yapite katikati ya tandiko, yaani mm 10 kutoka ukingo wa ndani. Toboa kwa mm 7 reli na tandiko pamoja vikiwa vimebanwa kwa jiklempu, kisha upande wa juu wa reli panua kwa biti ya mm 12 hadi kina cha mm 7 ili kichwa cha bolti kizame. Biti ya kawaida huacha shimo lenye ncha kama faneli. Chukua biti kuukuu, isagie ncha iwe bapa, na uitumie hiyo kumalizia.

   Watu huuliza kwa nini nisitumie bolti zenye kichwa cha koni, ni rahisi kuzamisha. Kwa sababu koni hujivuta katikati ya tundu lake yenyewe. Ukitaka kusogeza reli nusu milimita, haikubali. Kichwa cha alenkii cha M6 kina upana wa mm 10 ndani ya shimo la mm 12, kwa hiyo una nafasi ya kuchezea. Nafasi hiyo ndiyo uhai wa meza yako.

4. Funga reli za Y kwenye msingi. Weka reli mbili za mm 350 juu ya matandiko yake, zikiachana mm 40 katikati, na ukingo wa mbele uwe sawa na ukingo wa bamba. Hamisha alama za matundu kwenye msingi, toboa mm 5, kata uzi wa M6. Tapu inavunjika kwa haraka na ukavu: tia oili, zungusha nusu mzunguko mbele, rudi robo, toa vumbi. Tapu ikikatikia ndani, usiipigie nyundo, hama milimita 15 pembeni utoboe tundu jingine. Reli haitajua.

   Kaza reli moja kabisa. Ya pili iache ilegee. Kata kipande cha chuma au mbao ngumu kinachoingia katikati ya reli mbili kwa kubana kidogo, kipitishe mbele, kati na nyuma, na ukaze bolti moja moja huku kipande kikiwa hapo. Hakiki kwa kalipa upana wa nje wa reli zote mbili kwenye ncha zote. Tofauti ikizidi mm 0.1, legeza uanze tena.

5. Bamba la kati, mbavu na vishikio. Hapa tumia muda mrefu kuliko pengine popote. Bamba la kati linalalia juu ya reli. Kila upande, chini ya bamba, kuna ubavu (fletibaa ya mm 40 × 12, urefu mm 200) unaotembea kando ya reli. Chini ya ubavu kuna kishikio (mm 50 × 12) kinachoingia kama mm 10 chini ya ile sehemu ya reli inayoning'inia. Ubavu unazuia meza kuyumba kushoto na kulia, kishikio kinazuia isinyanyuke pale biti inapotoka upande wa pili na kuvuta chuma juu. Ule mnyanyuko ndio huvunja biti, kama ulikuwa unajiuliza.

   Bolti ni M6 × 30 kutoka juu: kichwa kizame kwenye bamba kwa mm 7 kama kwenye reli, zipite kwenye ubavu, zishike nyuzi ulizokata kwenye kishikio. Tatu kila upande. Zipange kwenye ncha mbili na katikati kabisa, ili reli za X zitakapokaa juu zisizifunike. Ubavu wa kwanza utoboe mm 7. Wa pili, ambao ni wa kurekebisha, utoboe mm 8, na tundu lake kwenye bamba pia liwe 8.

   Sasa, ubavu na reli vina unene mmoja, kwa hiyo ukikaza hivi hivi kishikio kitabana reli na meza haitasogea. Kata ukanda wa karatasi ya kawaida ya printa uweke kati ya ubavu na bamba. Karatasi moja ni kama mm 0.1. Ikibana bado, ongeza ya pili. Ikishakuwa sawa, badilisha karatasi kwa bati la kopo la soda, ambalo ukuta wake unakaribia unene huo huo na haulowani oili ukaoza.

   Kaza ubavu wa kwanza. Telezesha bamba kwenye reli kutokea nyuma. Sukuma ubavu wa pili mpaka uguse reli, bana kwa jiklempu kidogo, kaza bolti, sogeza bamba mwanzo hadi mwisho. Unachotafuta ni uzito ule ule wa mkono njia nzima. Likiwa zito mwisho mmoja tu, reli zako haziko sambamba, rudi hatua ya 4. Najua unatamani kulipita. Usipite.

6. Nati za kuondoa mpwayo, yaani ule mchezo wa nyuzi unaofanya gurudumu lizunguke kidogo kabla meza haijasogea. Kata vipande vinne vya mm 20 kutoka skweabaa ya mm 30. Kila kimoja toboa mm 10.2 na ukate uzi wa M12. Kitovu cha tundu kiwe mm 16 kutoka uso utakaogusa bamba, maana ndiyo nusu ya kimo cha reli na tandiko lake. Kila mhimili, X na Y, unapata vipande viwili: kimoja kinafungwa kwa bolti mbili za M6, cha pili hakifungwi na chochote. Kati yao weka washa mbili au tatu za springi zikiwa zimebanwa. Kile kisichofungwa hakiwezi kuzunguka kwa kuwa uso wake umelalia bamba, lakini springi inakisukuma mbali na mwenzake, na hivyo nyuzi zinabana rodi pande zote mbili.

   Nati ya Y iliyofungwa ikae chini ya bamba la kati, karibu na ukingo wa mbele. Nati za X zikae juu ya bamba, katikati kabisa, bolti zake zikitokea chini katika uwazi wa reli za Y. Usizipange zote mahali pamoja, bolti zitagongana.

7. Rodi na beringi za Y. Kata thredi rodi katikati, upate mbili za kama mm 500, na safisha ncha kwa tupa mpaka nati ipande kwa vidole. Bamba dogo la beringi litobolewe mm 13, lifungwe kwenye uso wa mbele wa msingi kwa M6 mbili, matundu yake yakiwa makubwa kidogo kuliko bolti. Mpangilio kwenye rodi kutoka ndani kwenda nje: nati mbili zilizokazana, washa, beringi 51101, bamba, beringi ya pili, washa, nati mbili. Kaza mpaka rodi isitikisike mbele na nyuma lakini izunguke kwa vidole viwili, kisha funga nati ya pili juu ya ya kwanza.

   Wapi hasa bamba la beringi likae? Usipime. Vuta bamba la kati lije mbele kabisa, liache bamba la beringi lijitafutie mahali pake na rodi ikiwa ndani ya nati, ndipo ukaze bolti zake. Na ule mwisho wa pili wa rodi uache hewani. Thredi rodi karibu zote zimepinda kidogo. Ukiubana mwisho wa pili, meza itapumua juu chini kila mzunguko.

8. Sehemu ya X. Ni marudio: reli fupi na matandiko yake juu ya bamba la kati, zikikatiza zile za chini kwa pembemraba ya guniya; mbavu na vishikio virefu chini ya meza ya juu, bolti nne kila upande; bamba la beringi kwenye ncha ya meza upande wa mkono wako, rodi na gurudumu vikisafiri pamoja na meza. Bolti za reli za X zikaze kiasi tu. Bado tutazisogeza.

9. Magurudumu na kipimo. Gurudumu kuukuu la cherehani linafaa sana, au bamba la duara lenye mkono wa bolti. Nyuma yake funga kifuniko cha bomba la plastiki chenye kipenyo cha mm 60 na ushee, na ukizungushie ukanda wa karatasi wenye mistari.

   Mistari iwe 35. Uzi wa M12 wa kawaida unasogea mm 1.75 kwa mzunguko mmoja, na 1.75 ukigawa kwa 35 unapata mm 0.05 kila mstari, hesabu safi. Kugawa ukanda sehemu 35 bila kukokotoa: zungusha ukanda kwenye kifuniko, kata urefu wake kamili. Chukua karatasi ya grafu ya wanafunzi. Weka mwanzo wa ukanda kwenye mstari wowote, kisha uulaze mshazari mpaka mwisho wake uguse mstari ulio mm 175 mbali. Kila mstari wa mm 5 unapokatiza ukanda, weka alama. Una sehemu 35 zinazolingana. Bandika, funika kwa selotepu, na upinde waya uwe mshale.

10. Funga meza kwenye drili kwa bolti au jiklempu. Msingi utokeze mbele ya meza ya drili, la sivyo gurudumu la Y litagonga kwenye ukingo.

11. Jaribio la 60 kwa 80. Bana kipande cha bamba juu ya meza, tumia biti ndogo ya mm 3, toboa matundu manne ya mstatili wa mm 60 kwa 80. Milimita 60 ni mizunguko 34 na mistari 10. Milimita 80 ni mizunguko 45 na mistari 25. Sasa pima kona kwa kona, zote mbili. Zikiwa mm 100 na 100, simama unywe chai. Zikitofautiana, ile tofauti yenyewe ni karibu sawa na upotovu wa pembe kwa kila mm 100: ukipata 100.3 na 99.7, tofauti ni 0.6, na reli za X zimeinama kama mm 0.6 kwa kila sentimita 10. Ondoa meza ya juu, legeza bolti za reli za X, gonga ncha moja kwa nyundo ya plastiki, kaza, toboa mstatili mwingine. Mimi kwa kawaida huchukua mara nne au tano.

    Pembe ikikubali, kaza kwa nguvu, toboa mm 5 kupitia reli, tandiko na kuingia kwenye bamba, na ugonge pini mbili kila reli zizame chini ya uso. Usizigonge kabla ya jaribio hili. Wapo waliofanya hivyo.

Hesabu za kubandika ukutani

| Umbali | Mizunguko | Mistari ya ziada |
|---|---|---|
| mm 1 | 0 | 20 |
| mm 5 | 2 | 30 |
| mm 10 | 5 | 25 |
| mm 20 | 11 | 15 |
| mm 25 | 14 | 10 |
| mm 50 | 28 | 20 |
| mm 70 | 40 | 0 |
| mm 100 | 57 | 5 |

Thredi rodi haikutengenezwa kwa ajili ya kupimia. Hakikisha yako: zungusha mizunguko 40 kamili, pima kama meza imesogea mm 70. Ikikosa kidogo, andika kosa lake pembeni ya jedwali na ulijumlishe.

Na hata ukiwa na nati za springi, jizoeze kufika kwenye namba kutoka upande mmoja siku zote. Ukiipita, rudi nyuma nusu mzunguko kisha uje tena mbele. Mafundi wa mashine za mamilioni hufanya hivyo hivyo.

Usifanye haya

Usitumie meza hii kuchimba mifereji kwa kusukuma biti ubavuni. Hili ndilo swali la pili kila mtu analouliza akishamaliza. Kwenye drili nyingi kichwa kinachobana biti kimeshikwa na koni tu, hakuna bolti inayokivuta juu. Kinavumilia msukumo wa kushuka. Ukikisukuma pembeni kikiwa kinatetemeka, koni inaachia na kichwa kinaanguka huku kinazunguka. Sijui kwa nini watu wanabishia hili.

Usivae glavu ukitoboa, wala mikono mirefu, wala kanga iliyofungwa kwa mapana. Miwani vaa. Na kitu unachotoboa kibane kwenye meza hata kama ni tundu moja dogo. Umehangaika siku zote hizi kujenga kitu cha kukibana, kisha ukishike kwa kidole?

Ikigoma

*Gurudumu linakuwa zito kisha jepesi, kila mzunguko.* Rodi imepinda, au bamba la beringi limekaa upande. Legeza bamba, sogeza meza karibu nalo, kaza upya. Isipopona, badilisha rodi. Ni sehemu ya bei nafuu kuliko zote.

*Ni nzito mwisho mmoja.* Reli haziko sambamba. Hatua ya 4.

*Nikigeuza gurudumu, meza inachelewa mistari kadhaa.* Shika meza uisukume na kuivuta kwa nguvu. Rodi ikitembea pamoja nayo, mpwayo uko kwenye beringi, kaza nati zake. Rodi ikitulia na meza ikasogea, ni washa za springi, ongeza moja.

*Meza inainuka biti inapotoka.* Umeweka karatasi nyingi mno kwenye mbavu. Punguza moja.

*Matundu yote yamehama upande mmoja kwa kiasi kile kile.* Meza haina kosa, biti ndiyo inatembea kabla ya kuuma. Anza na biti fupi na nene ya kuwekea kitovu, kisha ufuate na ya kawaida.

*Ilikuwa laini, sasa inakwaruza.* Vumbi la chuma limeingia kwenye reli. Telezesha meza ya juu uitoe, futa kwa mafuta ya taa, paka oili. Grisi usipake, inashika vumbi na kuligeuza msasa.

*Naweza kufunga mota za kuendeshwa na kompyuta?* Unaweza, baadaye. Mota ya hatua 200 kwa mzunguko itakupa hatua ndogo kuliko mm 0.01 kwenye uzi huu. Lakini mota haiondoi mpwayo wala hainyooshi pembe. Meza inayokosea kwa mkono itakosea kwa mota, kwa kasi zaidi.

*Nabanaje vitu juu yake?* Iache meza ijitoboe yenyewe. Weka biti ya kuwekea kitovu na uguse uso wake kila baada ya mm 50, mizunguko 28 na mistari 20, upate matundu tisa ya tatu kwa tatu. Gusa tu, usitoboe hadi chini, reli ziko hapo. Kisha itoe meza, malizia matundu kwa mm 5, kata uzi wa M6, safisha makali ya upande wa chini kwa tupa na uirudishe. Bolti unazobania zisizidi unene wa mm 12 ndani ya meza, la sivyo ncha itakaa kwenye reli na utashangaa kwa nini gurudumu limegoma.